Kamera ya bei nafuu kwa mzamiaji wa mara moja moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayezamia kwa mtungi safari mbili tatu kwa mwaka, likizo ikipatikana, na anayetaka kurudi na picha za kuwaonyesha wa nyumbani bila kumaliza akiba yake. Mpiga picha wa kulipwa ana mahitaji mengine. Nimezamia na kamera ndogo kwa miaka kadhaa, moja ilinifia mkononi, na mengi yaliyomo humu nimejifunza kwa njia hiyo.

Kamera imeandikwa "haipitishi maji". Si inatosha?

Haitoshi. Uliza: mita ngapi?

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Sasa chukua kamera yenye mgongo wa sentimita 10 kwa 7. Kwenye mita 30 maji yanausukuma mgongo huo kwa nguvu ya kama kilo 210. Mzigo huo unabebwa na kioo chembamba, kifuniko cha betri na vitufe vyenye springi ndogo kuliko punje ya mchele.

Mwenye cheti cha kwanza cha PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, anaruhusiwa kufika mita 18. Cheti kinachofuata kinampeleka mita 30, na ukomo wa kuzamia kwa burudani ni mita 40. Kwa hiyo kamera inayohimili mita 10 ni ya kuogelea kwa mrija tu. Ya mita 15 itakuacha njiani siku ya kwanza ambayo kiongozi wa mbizi ataona kasa mita tatu chini yako. Mimi hutaka kamera, au kasha lake, ihimili angalau mita 10 zaidi ya pale ninapokusudia kufika.

Simu yangu ni IP68. Naweza kuzamia nayo?

Hapana. Kipimo cha IP68 hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, simu ikiwa imetulia, kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji. iPhone nyingi za miaka ya karibuni, kwa mfano, zimetajwa kuhimili mita 6 kwa dakika 30. Bahari ina chumvi, wewe unajisogeza, na dhamana ya simu kwa kawaida haigusi hasara iliyoletwa na maji. Mifuko laini ya plastiki ya kuning'iniza shingoni nayo iache ufukweni.

Yapo makasha magumu ya simu yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuzamia. SeaLife SportDiver, kwa mfano, linahimili mita 40, na lina pampu ndogo ya kunyonya hewa ili uhakikishe halivuji kabla hujaingia majini. Simu ndani yake huongozwa kwa vitufe vya kasha kupitia Bluetooth, kwa sababu kioo cha mguso hakielewi vidole chini ya maji. Kama simu yako ni nzuri, hii ni njia ya maana. Kinachonizuia mimi ni kimoja: ndani ya simu mna namba za watu wote, tiketi ya kurudi na pesa zangu. Sitaki kuishusha mita 20.

Nina cheti lakini bado nayumbayumba majini. Ninunue sasa?

Subiri kwanza. Jipime hivi: kaa mita moja juu ya mchanga kwa dakika nzima, mikono umeikunja kifuani, ukijiongoza kwa pumzi peke yake. Ukiweza kufanya hivyo bila kupanda na kushuka kama boya, uko tayari. Kama bado, pesa ya kamera itumie kuongeza mbizi.

Nasisitiza kwa sababu nimeona. Kamera inachukua macho yote mawili na mkono mmoja, na mtu aliyemganda pweza kwa dakika tano husahau geji ya hewa, husahau mwenzake, husahau kina. Chini yake kuna matumbawe. Yale makubwa ya umbo la jiwe huongezeka sentimita moja hivi kwa mwaka, mengine hata hiyo hayafikishi. Teke moja la pezi linabomoa kilichojengwa tangu kabla hujazaliwa.

Vituo vingi vya kuzamia hukodisha kamera. Kodi siku moja, mbizi mbili. Utajua kama unaipenda shughuli hii au inakuharibia mbizi. Wako wanaogundua kwamba wanafurahi zaidi wakiwa mikono mitupu, na hao wameokoa pesa nyingi.

Kuna aina ngapi za kamera, na wewe ungechagua ipi?

Kwa bajeti ya kawaida kuna njia nne. Ya simu nimeshaisema. Zilizobaki ni kamera iliyofungwa moja kwa moja, kamera ndogo ya vitendo, na kamera ndogo ya picha inayowekwa ndani ya kasha lake.

Iliyofungwa moja kwa moja ni kama SeaLife Micro 3.0. Haina mlango hata mmoja, kumbukumbu iko ndani, unachaji na kuhamisha picha kwa waya, na inahimili mita 60. Hakuna mlango, hakuna oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) ya kusahau. Kwa mtu anayejijua kwamba hana subira ya kusafisha na kukagua, hii itadumu kuliko nyingine zote. Lakini betri ikichoka baada ya miaka huibadilishi mwenyewe, na lenzi yake haiendi karibu sana na viumbe wadogo.

Kamera za vitendo ni hizi za GoPro na DJI. GoPro nyingi tangu HERO9 zinahimili mita 10 zikiwa tupu, na kasha lao linazifikisha mita 60. DJI Osmo Action 4 inafika mita 18 bila kasha, Action 5 Pro mita 20, na zote mbili mita 60 zikiwa ndani ya kasha. Kwa video hazina mpinzani katika bei yake: picha imetulia hata mkono ukitetemeka, pembe ni pana, mwili ni mdogo. Udhaifu wao ni umbali wa karibu. Lenzi nyingi za aina hii zimefungiwa fokasi mahali pamoja, na kitu kilicho chini ya sentimita 30 hivi hutoka na ukungu. Kambamti mdogo unayemwona vizuri kwa macho yako atakuwa doa. Unaweza kuongeza lenzi ya karibu juu ya kasha, ila hilo ni gharama nyingine na kitu kingine cha kupoteza.

Kamera ndogo ya picha ndani ya kasha ndiyo chaguo langu, na ndiyo ninayowashauri wengi wanaotaka picha hasa. Inayotajwa kila mahali ni Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019 na ndugu yake OM System TG-7 ya mwaka 2023. Sababu ya kutajwa ipo. Kamera yenyewe inahimili mita 15 bila kasha, kwa hiyo kasha likivuja kidogo una nafasi ya kuiokoa. Kasha lake, PT-059, linafika mita 45 na linaingia zote mbili, TG-6 na TG-7. Lenzi yake inafungua hadi f/2.0, yaani inaingiza mwanga mwingi, inapiga faili ghafi za RAW, na hali yake ya hadubini inashika fokasi hadi sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Konokono wa bahari asiye na gamba, mrefu kama ukucha wa kidole kidogo, anajaa kwenye picha na pembe zake zinaonekana.

Usisahau njia moja ya bei ya chini kabisa: kamera ndogo uliyonayo tayari kabatini. Angalia kama mtengenezaji aliwahi kuitolea kasha. Makasha ya kamera zilizopitwa na wakati huuzwa kwa bei ya kutupwa, na kamera ya miaka kumi iliyopita ndani ya kasha zima inapiga vizuri kuliko kamera mpya ya mita 10 iliyoingia maji.

Megapikseli ngapi zinatosha?

12 zinatosha. TG-7 inazo hizo hizo 12. Maji ndiyo yanayofuta undani wa picha, na megapikseli 50 hazitayafanya yawe safi.

Kwa nini kila picha yangu inatoka buluu?

Kwa sababu maji yanakula rangi, na yanaanza na nyekundu. Kwenye mita 5 nyekundu imeshapungua sana, ikifuatiwa na rangi ya chungwa, kisha njano. Jicho lako linasawazisha bila kukwambia, ndiyo maana ukiwa chini unaona bustani, ukirudi juu unakuta picha za buluu tupu.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipolielewa hili. Tulikuwa kama mita 18, na mbele yangu kulikuwa na sponji la rangi ya udongo mkavu, kitu ambacho hungekigeuzia shingo. Mwenzangu akaliwashia tochi. Likawaka jekundu kama pilipili iliyoiva, na katikati yake kulikuwa na kaa mdogo ambaye sikuwa nimemwona kabisa. Akazima, likarudi udongo. Akawasha tena. Sponji halikubadilika hata kidogo. Nyekundu ilikuwapo muda wote, mwanga wa kuionyesha ndio uliokuwa haupo.

Na jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba umbali kati yako na kiumbe nao unahesabiwa. Kwenye mita 15, samaki akiwa mita 3 mbele yako, mwanga wa jua umesafiri mita 15 kushuka na 3 nyingine kukufikia. Mwanga wa tochi yako, samaki akiwa nusu mita, unasafiri mita moja tu kwenda na kurudi. Hapo nyekundu bado iko hai.

Basi ninunue filta nyekundu au tochi?

Inategemea unapiga nini. Filta nyekundu ni kipande cha plastiki cha bei ndogo kinachowekwa mbele ya lenzi. Haiongezi nyekundu, inapunguza buluu na kijani ili nyekundu kidogo iliyobaki isizidiwe. Kwa hiyo inafanya kazi pale ambapo bado kuna nyekundu ya kuokoa: maji ya buluu, jua kali, kati ya mita 5 na 20 hivi. Juu ya hapo kila kitu kinakuwa chekundu kama jua la magharibi, chini ya hapo picha ni giza, maana filta inakula mwanga. Maji ya kijani, kama ya maziwa mengi, yanataka filta ya zambarau-waridi badala ya nyekundu. Na ukiwasha tochi, toa filta. Mwanga wa tochi una rangi zote tayari, ukiongeza filta juu yake utapata nyuso za watu waliopakwa rangi ya matofali.

Tochi inashinda kwa viumbe wa karibu, mapangoni, chini ya vibao vya mwamba na usiku. Kwa mandhari pana, mwamba mzima au meli iliyozama, tochi ya bei nafuu haifiki. Mchana inasaidia kwa mita moja hivi, basi. Hapo tumia jua, na filta ukitaka.

Kama bajeti inaruhusu kimoja tu, nunua tochi. Filta inasaidia picha tu, tochi inakusaidia wewe mwenyewe kuona, kumwita mwenzako na kuchungulia mashimoni.

Tochi ya aina gani?

Yenye duara pana la mwanga, nyuzi 100 na zaidi, lisilo na doa jeupe katikati. Tochi ya kawaida ya kuzamia ina mwali mwembamba uliotengenezwa kuonyesha mbali, na kwenye picha unaacha duara lililoungua katikati na giza pembeni. Kwa nguvu, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 zinakutosha kwa viumbe wa karibu, na kuanzia 2,500 video inaanza kupendeza. Tahadhari na tochi za bei ya chini sana zinazojitangaza kwa makumi elfu ya lumeni. Omba kuiwasha dakika kumi mfululizo ndani ya ndoo ya maji kabla hujalipa; nyingi hufifia mbele ya macho yako.

Flashi iliyo ndani ya kamera haitoshi?

Kwa kitu kilicho karibu sana, kiganja kimoja hivi, inaweza kutosha ukiweka kisambaza mwanga mbele ya kasha. Zaidi ya hapo inakuletea theluji: vumbi lote lililo majini kati yako na samaki linawaka kwa sababu flashi iko sambamba na lenzi. Dawa ni kuusogeza mwanga pembeni. Tochi au flashi ya nje huwekwa kwenye mkono wa chuma au plastiki, upande wa kushoto au kulia wa kamera, ikiangalia mbele na kidogo nje, ili ukingo wa mwanga ndio umguse kiumbe na maji yaliyo mbele ya lenzi yabaki gizani. Vumbi halitoweki, ila haliwaki tena.

Nitumie zumu kwa samaki wa mbali?

Hapana. Msogelee, tena polepole, au mwache aende. Zumu inavuta samaki pamoja na maji yote yaliyo katikati. Ukishafikiri umefika karibu, fika karibu zaidi: maji huvifanya vitu vionekane viko karibu kwa robo ya umbali kuliko vilivyo.

Kamera iliyotumika inafaa?

Inafaa sana, na kwa mzamiaji wa mara moja moja ndiyo ninayoianzia kuitafuta. Watu wengi hununua, huzamia likizo moja, huuza.

Fungua mlango wa betri na uangalie vidoto vya shaba. Rangi ya kijani au unga mweupe maana yake maji ya chumvi yalishaingia. Funga mlango, rudisha, ondoka. Kwenye kasha, pitisha ukucha kwenye mfereji wa oringi ukitafuta mikwaruzo, bonyeza kila kitufe uone kinarudi chenyewe haraka, angalia pembe za plastiki kwa nyufa nyembamba kama nywele. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele, upande wa nje, usikutishe. Maji yakijaa ndani yake mara nyingi hauonekani kwenye picha. Oringi ihesabu kama ya kutupa, nunua mpya. Na muulize muuzaji swali hili moja kwa moja: "Imewahi kuingia maji?" Sikiliza anavyochelewa kujibu.

Kabla ya mbizi ya kwanza, shusha kasha peke yake, bila kamera, ukiwa umeweka karatasi ya tishu ndani na kitu cha kuongeza uzito. Ikirudi kavu, kasha lako zima.

Oringi ni nini hasa, na kwa nini kila mtu anaizungumzia?

Ni pete ya mpira inayokaa kwenye mfereji kati ya nusu mbili za kasha. Ukifunga, inabanwa na kuziba. Ndiyo inayotenganisha kamera yako na bahari, na haina uzito wa sarafu.

Kamera yangu iliyokufa iliuawa na unywele. Nilikuwa nabadilisha betri kwenye boti kati ya mbizi ya kwanza na ya pili, kichwa kimelowa, upepo unavuma, na watu wameshaanza kuvaa mitungi. Nikafunga haraka. Sikushuka hata mita mbili nikaona tone linatembea ndani ya kioo, kisha la pili, kisha mstari wa maji chini. Nilipokuja kufungua nikaukuta unywele mmoja umelala juu ya oringi, umeivuka kutoka ndani kwenda nje. Maji yaliufuata kama yanavyofuata mfereji.

Na si ajabu kwamba ilitokea juu, kabla ya kina. Mgandamizo wa chini huisukuma oringi ikae imara zaidi. Makasha mengi huvuja kwenye mita za mwanzo, au wakati wa kuruka kutoka kwenye boti.

Tangu siku ile nafanya hivi, na sijavuja tena. Kasha nalifunga asubuhi chumbani, kwenye meza safi, nikiwa nimekauka na nimefunga kichwa. Naitoa oringi kwa kuibana pembeni kwa vidole viwili ijikunje itoke, kamwe si kwa kisu wala pini. Naipitisha yote katikati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, macho nimeyafumba, kwa sababu kidole kinahisi chembe ya mchanga ambayo jicho linaikosa. Mfereji naupangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele, mpaka oringi ing'ae bila kuwa na uvimbe wa grisi popote. Kazi ya grisi ni kuifanya oringi iteleze ikae mahali pake. Haizibi maji, na ikizidi inakamata uchafu. Tumia grisi ya mtengenezaji wa kasha lako, kwa sababu mpira hutofautiana, na grisi isiyo yake inaweza kuuvimbisha. Nikishafunga, naizunguka oringi kwa macho kupitia plastiki, nikiangalia mstari mmoja usiokatika.

Baada ya hapo kasha halifunguliwi mpaka jioni. Betri na kadi ziwe za kutosha mbizi zote za siku hiyo.

Lenzi inapata ukungu kwa ndani. Inavuja?

Mara nyingi haivuji. Umefungia hewa ya joto yenye unyevu, kamera ikaongeza joto lake, halafu maji yakakipoza kioo cha mbele. Funga kasha kwenye chumba kikavu, cha kiyoyozi kikiwapo, weka ndani kipakiti cha silika ambacho hakigusi oringi, na usiliache juani kabla ya kuruka.

Nifunge kamba ya kuelea?

Kwa kuogelea kwa mrija, ndiyo. Kwa mtungi, hapana: boya linakuvuta mkono juu mbizi nzima, na ukiliachia linapanda na kamera yako na wewe huwezi kulifuata. Tumia waya wa kujikunja wenye klipu mbili, mwisho mmoja kwenye kasha na mwingine kwenye pete ya jaketi lako. Dharura ikitokea unaiachia kamera ining'inie, unakuwa na mikono miwili.

Mipangilio gani niweke kama sitaki kusoma kitabu kizima?

Weka hali ya chini ya maji kama kamera yako inayo. TG-6 na TG-7 zina kadhaa, pamoja na mizani tatu za weupe, yaani marekebisho ya rangi, kwa kina kifupi, cha kati na kirefu. Washa RAW pamoja na JPEG, kwa sababu faili ya RAW inakuruhusu kurudisha rangi nyumbani ambazo JPEG imeshazitupa. Kama unatumia jua tu, pima weupe upya kila unapobadilisha kina kwa mita 3 hadi 5, ukielekeza lenzi kwenye kibao cheupe au mchanga. Bonyeza kitufe nusu, subiri fokasi, kisha malizia. Piga ukitazama juu kidogo, samaki awe na maji ya buluu nyuma yake. Aliyepigwa kutoka juu hupotea kwenye mwamba. Fokasi iwe kwenye jicho.

Kadi na betri?

Kadi yenye alama ya kasi ya V30 inatosha kwa video ya 4K. Betri mbili ni lazima. Safarini kwa ndege, betri za akiba za lithiamu huenda nawe kwenye mzigo wa mkononi, na kasha lisafiri likiwa halijafungwa, maana hewa ya ndani ya ndege ikipungua kasha lililofungwa linaweza kutoa hewa yake, na ndege ikitua linabana na kugoma kufunguka.

Nikitoka majini nifanye nini?

Iloweke kamera ikiwa imefungwa, kwenye maji yasiyo na chumvi, kama nusu saa, na ukiwa hapo bonyeza kila kitufe mara nyingi ili chumvi itoke kwenye springi. Chumvi ikikauka mle inakuwa kama msasa. Kwenye boti, pipa la kuoshea hutumiwa na wote. Ingiza, suuza, toa, usiiache igongwe na taa nzito za wengine. Kausha kivulini. Fungua kasha likiwa limeangalia chini, ili matone ya ukingoni yadondokee nje.

Maji yameingia ndani ya kasha nikiwa chini. Nifanyeje?

Usipande haraka. Nimeitanguliza hii kwa sababu mkono unataka kufanya kinyume. Kamera inanunuliwa tena. Mapafu na damu yako havijui kwamba ulikuwa na haraka. Mwonyeshe mwenzako ishara, panda kwa mwendo wako wa kawaida, simama kituo chako cha usalama cha dakika tatu kwenye mita 5.

Wakati huo zima kamera. Geuza kasha kioo cha mbele kiangalie chini, maji yakusanyike pale na si kwenye mlango wa betri, na lishike hivyo hivyo mpaka juu. Ukifika kwenye boti, lipanguse nje, lifungue, toa betri na kadi kwanza. Kadi huwa inapona karibu kila mara, suuza kwa maji baridi uikaushe. Kama kamera yenyewe ni ya mita 15 kama TG na milango yake ilikuwa imefungwa, ioshe kwa nje na mara nyingi itaendelea na maisha. Kama ni kamera ya kawaida na chumvi imefika ndani, usiiwashe kujaribu. Isuuze kwa maji safi, ya kuchemshwa na kupozwa yakipatikana, iache wazi mbele ya feni siku mbili tatu, halafu mpe fundi. Mchele hausaidii, unaingiza vumbi tu.

Na oringi itunze kwenye mfuko mdogo kama ulivyoikuta, bila kuipangusa, uitazame juani ukiwa umetulia. Karibu kila mara jibu liko pale: chembe moja, uzi mmoja, au mahali ambapo haikukaa sawa.